Kasokola: mjini kwenye ramani, kijijini usiku

Kwa mipaka ya serikali, Kasokola ni mjini. Ni kata ya Manispaa ya Mpanda. Diwani wake anakaa kwenye baraza moja na madiwani wa Kashaulili, Majengo na Makanyagio, na wakazi wake wanampigia kura mbunge wa Mpanda Mjini. Manispaa hiyohiyo ina kata inayoitwa Mpanda Hotel na nyingine inayoitwa Uwanja wa Ndege, majina yanayoweza kumfanya mgeni aliye mbali adhani kila kata ya hapa ina lami na taa za barabarani. Akifika Kasokola atakuta vijiji: mahindi, karanga, ng'ombe wanaorudi jioni, na njia ambazo Agosti ni vumbi na Februari ni tope.

Nimeichagua Kasokola kwa sababu haiko mbali. Tukiandika habari za afya vijijini tunapenda kukimbilia kule kunakotisha, kwenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika ambako mgonjwa husafirishwa kwa mtumbwi, au misitu ya Mlele ambako siku nzima inaweza kupita bila gari. Huko lawama ni rahisi kuzigawa, maana utalitaja ziwa, mlima, mto uliofurika, na kila mmoja atakubaliana nawe. Kutoka Kasokola kwenda mjini Mpanda, iliko hospitali ya rufaa ya mkoa, ni mwendo wa bodaboda, hauhitaji basi la usiku. Hapa jiografia haina kosa kubwa. Ikiwa pengo bado lipo, basi limetengenezwa na mambo mengine, na mambo hayo yanaweza kutajwa kwa majina.

Tuanze na usiku, kwa kuwa mchana hudanganya. Saa nne asubuhi, kata ya pembezoni na kata ya katikati ya mji zinafanana kuliko tunavyodhani: zahanati iko wazi, akina mama wamekaa kwenye benchi na kadi za kliniki mkononi, watoto wanapimwa uzito, kipimo cha haraka cha malaria kinatoa majibu yake ndani ya dakika chache, na mwenye malaria anaondoka na dawa mseto. Huduma za aina hii zimesambaa Tanzania kwa kiasi ambacho nchi nyingi zenye kipato kama chetu hazijafikia, na ni haki kulisema hilo kabla ya kulalamika.

Sasa chukua mjamzito ambaye uchungu unamwanza saa tano usiku mwezi Februari, mvua inanyesha. Akiwa mtaa wa katikati ya Mpanda, mumewe au jirani anatoka hadi kijiweni, bodaboda zipo, barabara ipo, na hospitali ina watu wa zamu. Akiwa Kasokola, hesabu inaanzia kwenye simu: ina chaji? Ina salio? Mume mwenyewe yuko nyumbani, au yuko kwenye kambi ya shamba analinda mpunga? Akipatikana dereva, nauli ya usiku si nauli ya mchana, na nauli ya mvua ni habari nyingine kabisa. Mama mkwe anakusanya beseni, kanga, mpira wa kujifungulia, glovu na wembe, vile vitu ambavyo kila mwanamke ameambiwa kliniki aviandae mapema. Wakifika zahanati, linabaki swali moja ambalo hakuna ramani inayolijibu: nesi analala wapi?

Watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, mwaka 1994 waliandika kwamba vifo vya uzazi hutokana na kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Wauguzi wengi nchini wamefundishwa jambo hili. Ninachoona kimesahaulika ni kwamba aina hizo tatu hupeana mikono. Familia inayojua kwamba usiku huenda isimkute mtu zahanati haitafanya haraka kuamua. Itasubiri kupambazuke, itamwita bibi anayejua kuzalisha, na kesho yake sisi tulio maofisini tutasema tatizo ni elimu duni ya jamii.

Isitoshe, mara nyingi anayesubiri uamuzi huo ni binti. Katika utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16, Katavi iliongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 34. Imeshuka, lakini bado ni msichana mmoja katika kila watatu. Mwenye miaka 17 hakodi bodaboda saa tano usiku kwa uamuzi wake. Anasubiri wakubwa wakubaliane, na mimba ya kwanza katika umri huo ndiyo isiyotaka kusubiri.

WALIOSOGEZWA, NA WALIOJISOGEZA

Ukisoma historia ya eneo hili linaloitwa Katavi tangu mwaka 2012, mkoa ulipomegwa kutoka Rukwa, utakuta wazo moja linalorudi kila kizazi likiwa limevaa sare tofauti. Wazo lenyewe ni kwamba watu wametawanyika mno, wasogezwe pamoja, ndipo wahudumiwe.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliyelibeba alikuwa Mwingereza. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeenea magharibi mwa Tanganyika, na serikali ya kikoloni, kwa ushauri wa Dk. George Maclean, iliamua kwamba dawa yake ni kuwaondoa watu kwenye vijumba vilivyotapakaa porini na kuwakusanya kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa ili ndorobo wakose kivuli. Wapimbwe na Wakonongo walihama kwa amri. Makazi yale yalikuwa na dawa, na yalikuwa na kodi pia, kwa kuwa mtu aliyekusanywa pamoja na wenzake ni rahisi kumtibu na ni rahisi kumhesabu.

Novemba 1973 zamu ilikuwa ya serikali huru. Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kila Mtanzania wa shambani awe anaishi kijijini. Sababu zilizotolewa zilikuwa shule, maji na zahanati. Mwaka huohuo wa 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakutanisha watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza na kujadili, na vyoo vikachimbwa kwa wingi. Kabla ya hapo, Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeshasema kwa ukali jambo ambalo leo wanasiasa hulisema kwa upole: hospitali kubwa za mijini huwafaa zaidi watu wa mijini, ilhali deni la kuzijenga hulipwa kwa mazao ya mkulima.

Na katikati ya hayo walikuja waliokimbia. Baada ya mauaji ya 1972 nchini Burundi, Watanzania wa Mpanda walipata majirani wapya: makazi ya Katumba yakafunguliwa 1973, na Mishamo 1978. Yalikata msitu, yakapimiwa vijiji vyenye namba, na yakapangiwa vituo vya tiba tangu mwanzo. Wapo wenyeji waliokuwa wakinung'unika kwamba mkimbizi yuko karibu zaidi na dawa kuliko wao, na hawakuwa wakisema uongo. Mwaka 2014 zaidi ya Warundi 162,000 wa kundi lile la 1972 walipewa uraia wa Tanzania, wengi wao wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu ya Tabora. Majengo ya Katumba na Mishamo yaliyokuwa ya mkimbizi yakawa ya raia, na mzigo wake ukahamia kwa halmashauri.

Mji wa Mpanda wenyewe ulikua kwa sababu nyingine kabisa. Palikuwa na madini ya risasi, na mwaka 1950 reli ya tawi kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi, ikafika ili kuyabeba. Mgodi ulifungwa 1960, reli ikabaki, na ofisi za wilaya zikabaki. Nalitaja hili kwa sababu huduma nchini mwetu kwa kawaida hufuata njia ambayo kitu kingine kilishaifungua: reli, mgodi, misheni, kambi. Kijiji cha mkulima ambacho hakikuwa na kimojawapo kilingoja.

Leo mambo yamegeuka. Watu hawasogezwi tena, wanajisogeza wenyewe. Wafugaji na wakulima kutoka Shinyanga, Tabora, Simiyu na kwingineko wanaingia Katavi kufuata ardhi na malisho, na wanaishi kwa mtindo waliouzoea, kaya na kaya, kila moja na mbuga yake. Zahanati iliyojengwa katikati ya kijiji cha 1974 sasa inawahudumia watu ambao katikati hiyo si yao.

DAKTARI WA KAREMA

Kabla ya kufika kwenye hesabu za serikali, naomba nimtaje mtu mmoja, kwa kuwa magazeti yetu humsahau. Kama kilomita mia moja na ushee magharibi ya Mpanda, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ipo Karema, misheni ya kale ya Mapadri Weupe. Hapo aliishi Adrian Atiman. Alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa, akakombolewa na wamisionari huko Algeria. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa na mpango wa kuwasomesha vijana wa Kiafrika utabibu, na Atiman alipelekwa Malta. Mwaka 1889 akafika Karema. Alioa hapo, akatibu hapo, akafundisha dini hapo, akafa hapo mwaka 1956.

Ni miaka 67. Hakuwa na gari la wagonjwa wala maabara ya maana kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, na kuna mengi ambayo tabibu wa leo akiyasoma atatikisa kichwa. Lakini mgonjwa wa Karema alikuwa na hakika na jambo moja ambalo mgonjwa wa leo katika vijiji vingi hana hakika nalo: usiku akigonga mlango, mwenye dawa yumo ndani. Sisemi turudi kwenye misheni. Nasema kwamba katika kipengele kimoja cha huduma, kile cha mtoa huduma kulala aliko mgonjwa, tumerudi nyuma ya Karema ya mwaka 1900.

Tusimlaumu nesi. Mtumishi kijana anapangiwa kituo, anafika, anakuta hakuna nyumba, au ipo nyumba moja ya watumishi watatu. Anapanga chumba mjini, ambako kuna umeme wa uhakika na shule ya mtoto, na anasafiri kila siku kuja kazini. Kasokola iko karibu na mji kiasi cha kuliwezesha hilo. Hapo ndipo ukaribu unapogeuka kuwa hasara, kwa sababu mtumishi wa kijiji cha mbali analazimika kulala kijijini hata kama hataki, lakini wa kata ya pembezoni ana pikipiki na anaweza kurudi kwake jioni. Ukiwa jirani na mji unapata nesi wa mchana.

Ikama ya Wizara ya Afya ya mwaka 2014 inataka zahanati iwe na watumishi 15 kwa uchache. Aliyewahi kutembelea zahanati za vijijini anajua namba hiyo inavyochekesha: wawili, watatu, wanne, na mmoja yuko masomoni. Serikali yenyewe imekuwa ikikiri kwa miaka kwamba sekta ya afya ina upungufu wa karibu nusu ya watumishi wanaohitajika. Upungufu huo haugawanywi sawa. Anayeomba uhamisho huomba kwenda mjini, sijapata kusikia foleni ya wanaoomba kutoka Ilala kwenda Mpimbwe. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa 2006, iliuona ukweli huu mapema. Pamoja na kupeleka watumishi kwenye wilaya ngumu, ilijenga nyumba za watumishi.

HESABU YA WATU

Sensa ya 2012 iliikuta Katavi na watu 564,604. Ya 2022 iliikuta na watu 1,152,958. Mkoa umezidi maradufu ndani ya miaka kumi, kwa kasi ya asilimia 7.1 kwa mwaka, kubwa kuliko mkoa mwingine wowote nchini, wakati wastani wa taifa ni asilimia 3.2. Nimepiga hesabu: kama Katavi ingekua kwa kasi ya wastani wa taifa, mwaka 2022 ingekuwa na watu wapatao 774,000. Tofauti ni takribani watu 379,000, yaani mkoa mdogo mzima ambao haukuwamo kwenye makadirio ya kawaida ya mtu yeyote.

Sasa tazama fedha zinavyogawanywa. Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule unaochangiwa na wahisani na kupelekwa kwenye halmashauri, kwa miaka mingi uligawanywa kwa kanuni hii: asilimia 70 kwa idadi ya watu, 10 kwa kiwango cha umaskini, 10 kwa urefu wa njia za magari ya huduma, na 10 kwa vifo vya watoto. Ni kanuni ya haki ukiilinganisha na utaratibu wa zamani wa kugawa kwa kufuata majengo yaliyopo, kwa sababu utaratibu ule ulimwongezea aliyekwisha kuwa nacho. Lakini kanuni inayosimama juu ya idadi ya watu inahitaji idadi iliyo hai. Mkoa unaokua kwa kasi ya Katavi unakaa muongo mzima ukipewa sahani ya jana kwa wageni wa leo.

Ndani ya halmashauri tatizo hilo linajirudia kwa umbo dogo. Wastani wa manispaa unajumlisha Kashaulili na Kasokola. Kata za katikati zina hospitali, maabara binafsi na maduka ya dawa. Kata za pembezoni zina zahanati. Ukichanganya na kugawanya, manispaa inaonekana iko vizuri kuliko halmashauri za jirani kama Nsimbo au Tanganyika, na mwenye kutafuta mahali pa kupeleka mradi wa vijijini hupitisha jicho juu ya neno "Manispaa" na kuendelea mbele. Mkulima wa Kasokola amepata hadhi ya mji bila kupata mji.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna nafuu moja ambayo sifa zake hazijaimbwa vya kutosha: fedha za Mfuko wa Pamoja sasa huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati badala ya kukwama makao makuu ya halmashauri. Mganga mfawidhi na kamati ya usimamizi, ambayo ina wanakijiji ndani yake, wanaweza kununua dawa iliyokosekana Bohari ya Dawa au kutengeneza paa linalovuja. Ni mageuzi makubwa kimyakimya. Yameongeza pia kazi ya karatasi kwa watumishi walewale watatu.

BURE ILIYO NA BEI

Kisera, mjamzito hatibiwi kwa fedha. Wala mtoto wa chini ya miaka mitano, wala mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo. Uchangiaji ulipoanza mwaka 1993, baada ya miongo miwili na zaidi ya tiba ya bure, makundi haya yaliachwa nje kwa makusudi. Ila bure inaishia kwenye mlango wa stoo. Dawa isipokuwapo, mgonjwa anaandikiwa karatasi aende akanunue.

Mjini karatasi hiyo inampeleka kwenye famasi yenye mfamasia. Kijijini inampeleka kwenye duka la dawa muhimu, pale anapouza mtu aliyepata mafunzo ya wiki chache na mwenye orodha fupi ya dawa anazoruhusiwa. Maduka haya yalianzishwa kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yakaenea nchi nzima, na binafsi nayatetea. Kabla yake palikuwa na maduka ya dawa baridi ambayo kisheria yaliruhusiwa vidonge vya maumivu na kwa vitendo yaliuza kila kitu. Lakini bei ni ya duka, na mkulima ana fedha Julai, si Februari. Malaria na kuhara hushika kasi mvua zikiwapo, wakati mahindi ya ghala yanakwisha na mapya hayajakomaa. Bima yoyote inayotaka malipo ya mkupuo ingefaa ijue tarehe hizi.

Bima ipo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake 2001, ukafanyiwa matengenezo 2018: kaya ya watu wasiozidi sita ikawa inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Ilikuwa bei nafuu. Waliojiunga walikuwa wachache, na kila mara maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba wananchi hawana uelewa. Nadhani wanaelewa vizuri sana. Mtu aliyelipa 30,000 akaenda zahanati mara mbili akakuta dawa hakuna anajua kwamba alichonunua ni kadi. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kadi itaongezewa nguvu, na stoo isipoongezewa dawa tutakuwa tumepanua foleni.

Kuna jambo linalopaswa kusemwa hapa hata kama linaharibu mpangilio wa hoja. Mjini si peponi. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulionyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, na hasa wachanga wa siku 28 za mwanzo, vikiwa vingi mijini kuliko vijijini. Wataalamu bado wanabishana kwa nini: huenda ni msongamano wa wodi, huenda ni maisha ya mitaa isiyopimwa, huenda ni wale mama wa vijijini wenye matatizo wanaohamia mjini kujifungulia. Vyovyote iwavyo, inatuonya kwamba kumleta mgonjwa kwenye jengo kubwa ni nusu ya kazi. Hospitali inayopokea rufaa za mkoa wa watu milioni moja na ushee inaweza kuwa karibu sana na wewe na bado ikakuchelewesha, ule ucheleweshaji wa tatu. Na ikishindwa, rufaa inayofuata ni Hospitali ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 500, ambako mkazi wa Kashaulili na wa Kasokola wanakuwa wanakijiji sawasawa.

NAMBA 115

Yapo yanayokwenda vizuri. Takwimu za taifa zinasema vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Ni makadirio ya utafiti wa kaya, yenye ukingo mpana wa kukosea, lakini mwelekeo wake haupingiki: wanawake wengi zaidi wanajifungulia vituoni, na vituo vingi zaidi vina uwezo wa kufanya upasuaji wa dharura. Sehemu ya vituo vya afya vya tarafa vilivyoota tangu 2021 ilijengwa kwa tozo ya miamala ya simu, ile iliyotukasirisha sote. Tuliilipa, na angalau hapo tunajua ilikwenda wapi.

Lipo pia suala la usafiri. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kanda ya Ziwa na kutangazwa kwa nchi nzima mwaka 2022, umejengwa juu ya wazo la kawaida mno hadi mtu anajiuliza kwa nini lilichelewa. Unapiga 115 bila malipo. Kituo cha simu cha mkoa kinasikiliza dalili, kinatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana kinampigia dereva wa kawaida mwenye gari kijijini aliyesajiliwa mapema, ambaye analipwa kwa simu akimfikisha mama. Haumngojei mfadhili alete gari kwa kila kijiji, unatumia lililoegeshwa kwa jirani. Kwa mahali kama Kasokola, penye magari machache na mji ulio jirani, sidhani kama kuna mpango unaofaa zaidi. Unahitaji vitu viwili tu vya upande wa mwananchi: mtandao unaoshika, na kuijua namba. Cha kwanza ni kazi ya makampuni ya simu. Cha pili ni kazi ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kufikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wenye mafunzo na posho, baada ya miongo ya kuwatumia watu hawa kwa kujitolea, fulana na baiskeli.

Mhudumu wa jamii hana safari ya kurudi mjini jioni. Anaishi pale pale, anamjua binti wa miaka 17 aliyeacha kuja kliniki na anajua kwa nini. Ukimpa simu yenye salio na mpango wa nani wa kumpigia, ule ucheleweshaji wa kwanza unapungua bila tofali hata moja.

Tofali linalohitajika Kasokola na kwenye kata zote za aina yake ni la nyumba ya mtumishi, yenye sola na maji, ndani ya uzio wa zahanati. Haina mvuto wa kisiasa. Jengo la wodi lina jiwe la msingi na utepe, nyumba ya nesi ina jiko na kamba ya kuanikia nguo. Miaka nenda rudi, bajeti ikibanwa, ndiyo inayokatwa kwanza, kwa hoja kwamba mtumishi anaweza kupanga. Kweli anaweza, na anapanga mjini.

Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane angalau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hadharani, pamoja na fedha zilizoingia zahanati. Mara nyingi maswali yanayofuata ni ya dawa na ya ukarabati. Mwenyekiti akifika kwenye mengineyo, mtu anaweza kunyoosha mkono akaomba isomwe pia orodha ya zamu za usiku.